Jina la Ugonjwa wa Akinyi

Dada Zuhura mpenzi,

Salamu kutoka Macalder, mji wa dhahabu, ambako dhahabu pekee niliyoiona ni jino la mwenye hoteli.

Nilikwambia habari za Akinyi, yule mama anayechekecha dhahabu mtoni, aliyevimba mguu ukawa unatoa usaha. Daktari wetu hodari hapa hospitalini ninapofanya kazi aliutazama akiwa mlangoni, akasema ni bakteria. Vidonge vyake viliposhindwa, akaamua mguu ukatwe. Kukata hakumchoshi mtu akili. Nikamsihi angoje, nikapeleka kipande cha nyama ya mguu huo ng'ambo kikapimwe DNA. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Majibu yakaja: si bakteria, ni kuvu, na dawa yake ipo.

Jana nimemkuta Akinyi, baada ya miezi ya dawa hiyo, anatembea bila fimbo. Tukala ngege, samaki wa ziwani, na ugali huku mvua ikipiga mabati. Nikamtajia jina la kuvu yenyewe, la Kilatini, refu kuliko foleni ya feri huko kwetu.

"Yawa! Imekaa kwa mguu yangu miaka yote na jina kubwa hivyo, na haijawahi kunisaidia hata kulima?"

Nikamwambia kwamba daktari sasa anajisifu eti alishuku kuvu tangu mwanzo.

"Mwambie akuje kula samaki," akasema Akinyi. "Lakini kisu yake aache huko."

Mbusu Mama, na Mungu awatunze nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaisha