Kona Yangu ya Chini

Gitega, Jumapili baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umeitikia marahaba kwa sauti kubwa, kana kwamba nimesimama mlangoni, na kuku wametawanyika. Kifua kimetulia? Mgongo je, bado unakukamata ukiinama kupalilia? Usinifiche kama ulivyonificha ile malaria, nikaja kuisikia kwa watu wa sokoni. Niliudhika sana siku ile.

Na wewe kaka Jerivasi, unayemsomea Mama barua hii, hujambo? Soma polepole, na usome yote. Nakujua mimi. Ukifika mahali pasipokupendeza unakohoa, halafu unaruka mistari. Mama, akikohoa tu, mwambie arudi nyuma.

Mimi nipo. Mguu wangu ndio umenisaliti. Pikipiki ya teksi iliteleza kwenye mteremko wa soko, dereva akaangukia huku, mimi kule, na vitambaa vya sare za wanafunzi vikatapakaa kwenye matope. Yule dereva aliinuka mzima, ati ananiuliza kama nimeona kofia yake! Hospitali wamenifunga plasta kuanzia goti hadi kisigino, na daktari amenikataza kabisa kusafiri mpaka mfupa ushike. Basi la Muyinga nalo mnalijua linavyorusha watu. Msiwe na hofu, ninapona.

Cherehani siwezi kuikanyaga, kwa hiyo nashona vifungo kwa mkono. Mama Furaha, yule Mkongomani wa Uvira mwenye duka letu la ushonaji, hajanifukuza. Siku ya kwanza nilipoanza kulia alinitazama hivi, akasema, "Weye, unalia nini? Mguu iko napona, cherehani iko hapa, haitakimbia. Shona vifungo." Ndivyo anavyobembeleza, huyo. Halafu akaniletea uji.

Lakini kukaa, Mama! Sikujua kwamba kukaa kunachosha kuliko kulima. Mtu akikaa anawaza kwao. Baridi ya huku juu inanikumbusha joto letu la Giteranyi, baiskeli za ndizi zikisukumwa kwenye vijia, watu wakisalimiana kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine bila hata kuonana. Juzi mtu alipita na mzigo wa maharage mabichi, bado yako kwenye maganda, na ile harufu ikanifanya niinuke na kusahau kwamba nina mguu mmoja. Nusura nianguke tena. Nimewakumbuka, Mama. Nimekukumbuka wewe zaidi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jerivasi, hapa ndipo utakapotaka kukohoa.

Mama, kaka alinipigia simu kunieleza kwamba watu wa ardhi kutoka ofisi ya serikali ya komine watapanda kilimani kwetu baada ya mavuno, wapime shamba alilotuachia Baba na kuliandika, tupate karatasi. Nilifurahi. Baba angefurahi pia. Nikauliza, "Na kona yangu ya chini, penye chemchemi?" Akakohoa. Akasema, "Dada, ile ni igiseke tu. Igiseke haiandikwi. Lima, nani atakufukuza?" Kabla sijajibu, simu ikakatika. Nilipopiga tena, haikupokelewa. Mtandao, bila shaka.

Najua desturi yetu. Igiseke ni kikapu, kipande ambacho baba anampa binti yake alime apate chakula, na mwisho wake kinarudi kwa kaka zake. Na najua, kaka, kwamba wewe hutanifukuza. Lakini wewe si wa kuishi milele, wala mimi. Watoto wako wakikua na karatasi mkononi yenye jina lako peke yake, watamwona shangazi mmoja mzee anayeinama penye chemchemi yao, watamwuliza anatafuta nini hapo. Watakuwa na haki ya kuuliza. Karatasi haitakuwa imewaambia.

Nilimsimulia Mama Furaha. Aliacha mkasi. Akaniambia kwamba kwao Uvira naye alikuwa na kiwanja, kaka yake akamwambia hivyo hivyo, "Iko yako tu, usijali." Kaka akafariki. Sasa akienda, anafikia kwa watu wa kanisani. "Mi sina pa kufikia," alisema, "niko na mahali pa kupita tu." Akaendelea kukata kitambaa.

Kaka, unajua wananiitaje hapa Gitega? Mtanzania. Kwa sababu ya Kiswahili changu. Nikifungua mdomo sokoni wanacheka, "Mtanzania, sema tena!" Nacheka nao, nifanyeje? Na kule Tanzania, tulikokulia, tuliitwaje? Umesahau? Warundi. Wakimbizi. Kule nilikuwa wa huku, huku nimekuwa wa kule. Pako mahali pamoja tu duniani ambapo jina langu lilitamkwa na hakuna aliyecheka, napo ni pale chini kwenye chemchemi, penye magimbi.

Mama, unakumbuka kambini? Baba akimaliza kula alikuwa akivuta pumzi na kusema, "Itongo ryacu", shamba letu la urithi, na sisi watoto tunaanza kujipangusa macho! Kwa Kiswahili cha shuleni kwetu tongo ni ule uchafu wa machoni ukiamka. Tulidhani anatutuma tukanawe uso. Siku moja Jerivasi alikwenda kunawa kweli, akarudi maji yanamchuruzika hadi kifuani, akasimama mbele ya Baba, "Nimetoa yote, Baba." Baba alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Akachukua kijiti.

Pale pale kwenye vumbi la kambi akatuchorea. Hapa nyumba ya babu. Hapa migomba. Hapa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe ya mpakani, msiuguse utawaunguza macho. Hapa chini chemchemi. Akatugawia. Wewe kaka ulipata juu, penye nyumba na migomba, ukajitanua kama mkuu wa kilima. Mimi nikapewa chini, penye maji, kwa kuwa nilikuwa nalia kila siku juu ya foleni ya bombani. Akachora mstari katikati.

Ukaruka mstari. Unakumbuka? Ukaja kunichotea maji yangu, maji ya vumbi! Baba akakukamata shati. "Ehee! Kwa dada yako unaingiaje bila hodi?" Ukarudi nyuma, umenuna, ukasimama kwenye mstari. "Hodi, dada." Nikakujibu, "Karibu kaka, futa miguu." Tangu siku hiyo ukawa ndio mchezo wetu. Mvua ikifuta mstari, Baba anauchora upya, nawe unapiga hodi.

Na tuliporudi, alitutangulia kupanda kile kilima bila kumwuliza mtu njia. Kila kitu kilikuwa pale alipokichora. Tulipofika chini akasimama, akanigeukia mbele ya majirani wote waliokuja kutupokea. "Evelina," akasema, "nawa uso. Umefika kwenye itongo lako." Hakusema igiseke, kaka. Alisema itongo. Nikapiga magoti, nikanawa kwenye chemchemi, na yeye akaanza kuchimba mashimo ya miyenzi, pale pale mstari wetu ulipopita. Wewe ndiye uliyekuwa unampelekea miche.

Hapa najipangusa macho, na si tongo.

Nimemwuliza hapa mtu mmoja anayeelewa mambo ya ardhi. Amenieleza kwamba wale wapimaji hawaji na majibu yao. Wanauzunguka mpaka wote wa shamba, pamoja na wenyewe na majirani, na kila wanaposimama wanauliza, hapa ni kwa nani? Wanaandika wanachoambiwa. Kwa hiyo kaka, si komine itakayoamua, wala desturi. Ni mdomo wako. Mimi nitakuwa huku, mguu juu ya kigoda, sitasikia.

Sikuombi migomba. Sikuombi nyumba. Sitaki hata kipande kimoja cha juu. Nataka pale aliponiweka Baba paandikwe jina langu, nipate pa kurudi nikiwa mzee na nisiwe wa kupita.

Barua hii anawaletea mwalimu jirani yetu, aliyekuja huku kwa mkutano. Mpeni maziwa ya mgando, amenibebea bila kinyongo. Msalimieni wifi yangu, mke wa Jerivasi, na mmwambie gauni lake liko tayari ila vifungo nimevipanga vizuri mno, ataringa. Baba mdogo, aliyetutunzia kilima miaka yote tuliyokuwa mbali, mwambieni namshika miguu. Shangazi naye, yule wa Buhinyuza, akija kwenu aache kuuliza nitaolewa lini. Na Mama, ukipita kaburini kwa Baba, mng'olee yale majani upande wa kichwani, mwambie ni mimi nimekutuma.

Sasa kaka, ombi la mwisho, na usikohoe. Siku wakija, mkiteremka nao kuzunguka, mtafika kwenye ile miyenzi. Usivuke. Simama pale na karatasi zao na kamba zao za kupimia, upige hodi kama zamani, kwa sauti, Mama asikie. Watashangaa. Watakuuliza unampigia nani hodi, na hapo hakuna nyumba wala mtu.

Wewe wajibu.

Mimi binti yako, Mama, na dada yako, Jerivasi, ambaye siku hiyo atakuwa anaitikia karibu kutoka huku Gitega, usikie usisikie,

Evelina