Palipolegea Pembeni ya Kiungo

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Hapa Kibiti tu wazima, na mama yako yuko Mkongo anavuna mpunga. Unaniuliza ufanye nini, maana mashine yenu huko kazini inaunga aluminiamu kwa kuisugua na kuikoroga bila kuiyeyusha, lakini kipimo chako kinaonyesha imelegea, imekuwa laini, pembeni ya kiungo, na wenzako wanataka ufiche.

Nilipokuwa fundi kijana wa kuchomelea, boti ya aluminiamu niliyoiunga ilipasuka huko Kiongoroni. Mwenye boti akanijia juu mbele ya watu: "Ndiyo kazi ya mwanamke hiyo!"

Nikamjibu, "Mshono wangu mzima. Pamepasuka pembeni."

Akacheka. Nikasimamisha msumari juu ya mshono, nikauangushia nyundo. Kisha pembeni, kwa kimo kilekile. Pembeni msumari ukazama zaidi. Moto wangu ndio uliopalainisha, na nilikiri hivyo bila kuinamisha kichwa. Nikaongeza bati nene kwa riveti, pini za kubana zisizohitaji moto, boti ikarudi majini, naye akaniletea ya pili.

Basi andika ulichokipima. Wakinuna, na wanune. Joto la kusugua ndilo lililopalegeza, si wewe; umesema kweli tu.

Bibi yako,
Mwanahawa