Lori Halikuharibika

Jumatano, 5 Februari 2025

Byron alikufa jana, saa nne asubuhi. Risasi ya shingo. Naandika hivyo tu, sijui kuandika zaidi.

Leo Buti wamekula upande wao wa hema, sisi Grisi upande wetu. Kama kawaida. Wao hutembea na bunduki, kwa hiyo wao ndio jeshi. Sisi madereva, mafundi na wapishi tunanuka mafuta, basi jina letu ni Grisi. Nasi tunawaita Buti kwa sababu akili zao huanzia miguuni na kuishia hapo hapo. Byron alikuwa Buti wa kwanza kuhamia meza yetu na sahani yake. Wenzake walimcheka. Akawaambia chakula kimeletwa na Grisi, kimepikwa na Grisi, basi wamwache akile na wenyewe.

Kiti chake hakuna aliyekikalia. Hata mimi nimekizunguka.

Ijumaa, 7 Februari

Sajini Kerosi ameniita. Taarifa ilikuwa imeshaandikwa, inangoja sahihi yangu tu. Eti lori liliharibika ghafla eneo la hatari, askari wakashuka kulilinda.

Liliharibika! Miaka sita lori hili halijanilaza njiani hata siku moja. Ni yeye aliyegonga paa la kabini. Moja ni simama, mbili ni twende—kila mtu anayepanda nyuma anajua. Aligonga moja. Nikatoa kichwa dirishani: Afande, hapa amri ni tusisimame. Akagonga moja tena, kwa nguvu. Alikuwa ameona akina mama wanaouza maziwa ya ngamia kando ya barabara. Akamtuma Byron na kidumu. Byron hata hakuwafikia.

Nimemwambia, Afande, gari lilikuwa zima. Akaniuliza nani atajali. Gari la Grisi kuharibika ni jambo la kila siku, hakuna anayefungwa kwa ajili ya gari. Lakini maziwa yatatufukuzisha kazi sote wawili, maana mguu uliokanyaga breki ni wangu.

Nimetia sahihi. Mirumbe, koplo, dereva. Mwandiko safi kabisa. Nimejichukia mpaka chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatatu, 17 Februari

Mazishi ni Jumamosi, kwao Ndhiwa. Nimechaguliwa kuendesha. Kwetu ni Migori, eti najua njia za kule.

Buti sita watabeba jeneza. Mmoja amesema kwa sauti ili nisikie: hili litafika kweli, ama litakufa tena? Wakacheka, wote sita. Nikaenda kuchukua ndoo. Sahihi ni yangu.

Nimeosha lori. Nimebadilisha filta ya dizeli mwenyewe, kwa hasira na haraka. Lisilale njiani. Hilo tu ndilo ninaloweza kumfanyia Byron.

Alhamisi, 20 Februari

Migori. Mwili uko mochari, tutauchukua kesho asubuhi. Mama Byron amekuja na kaka yake, Jacktone, mjomba wa Byron. Mama mfupi, macho makavu. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nyathina, mwanangu, ni wewe ulikuwa unaendesha?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Byron alikuwa ananiambia juu yako kwa simu. Mkuria wa lori. Alisema nini mwisho?"

Sajini, aliyesafiri nasi, akajibu kabla yangu. Alikufa akilinda gari, Mama. Kishujaa. Mama hakumtazama hata kidogo. Aliendelea kunitazama mimi, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Ijumaa, 21 Februari. Tumepita Awendo, mchana.

Lori limekufa.

Ghafla tu, barabara ya Ndhiwa, jeneza liko nyuma. Limekohoa mara mbili likazima. Malori ya miwa yanatupita, madereva wanavua kofia. Buti hawajacheka leo. Jacktone amezunguka lori mara moja, akasimama.

"Huyu amekataa."

Basi yamekwisha. Huku kwetu, Mkuria au Mjaluo, kila mtu analijua hilo: marehemu akiwa na neno, gari halisogei. Watu wa msafara wa mazishi wameshuka kwenye magari yao. Shangazi zake wanambembeleza: Byron, twende nyumbani, baba, jua ni kali. Nimeinama chini ya kabini, naisikia kila sauti.

Ni filta. Nati sikuikaza vizuri Jumatatu, hewa imeingia kwenye dizeli. Kosa langu, la kwanza kwa miaka sita! Nilitia sahihi kwamba gari liliharibika, na sasa nimeliharibu kwa mkono wangu. Nimekaza nati. Nimepiga pampu ya mkono mpaka dizeli ikatoka bila povu. Hakuna aliyeelewa nilichokuwa nafanya. Lori ni zima sasa. Nikizungusha ufunguo, litawaka.

Mama amekuja mlangoni.

"Ongea naye wewe. Ulikuwa na yeye. Kuna kitu anataka kisemwe."

Kisha Sajini, dirisha la upande wa pili, kwa sauti ya chini, jasho linamtiririka: "Mirumbe, washa tu twende. Tafadhali."

Mirumbe! Miaka miwili chini yake nimekuwa Grisi tu, leo amelikumbuka jina langu.

Nimemwambia anipe dakika, najaza kitabu cha safari. Amepanda nyuma. Ninachoandika ni hiki, daftari liko juu ya usukani.

Nikinyamaza na likawaka, wataamini Byron ameridhika na uongo wetu. Nikisema ya maziwa kisha likawaka, hakuna taarifa yoyote itakayowatoa hilo vichwani. Na kazi yangu imekwisha. Na ya Sajini. Yote hayo kwa sababu ya nati moja, na ninayejua ni mimi peke yangu. Naogopa. Mama hajaondoka. Mkono wake uko juu ya bodi, karibu na jeneza.

Sajini amegonga paa. Mbili—twende.

Nafungua mlango. Nashuka kuyasema ya maziwa.