Pembe ya Mama Niliyoikataa

Yaguarón,
Jumapili, 17 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Nimia,

Hujambo huko Madrid? Yule bibi unayemtunza bado anaficha meno yake ya bandia? Natumaini baridi haijakuingia kifuani. Sisi tupo kwa kiasi chetu: joto limetushika koo, kuku wamegoma kutaga, na mume wangu Wilfrido ameezeka upya banda, vibaya kama kawaida yake.

Najua unairuka mistari hii ukitafuta majibu ya skani. Basi, yametoka, na si majibu. Kwenye ini kuna doa. Huenda ni kovu, huenda saratani ya titi imehamia huko. Daktari anasema ni dogo mno kujua. Nirudi mwishoni mwa Februari tuone kama limekua. Nikamwuliza, "Ungekuwa wewe, ungepata usingizi?" Akasema, "Ningejaribu, mama." Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Dripu ya sita nimeimaliza. Nywele zinarudi, laini kama za kifaranga. Vidole vina ganzi, kwa hiyo vifungo vya blauzi ananifungia Wilfrido, naye hujifanya hajui kipi kinaingia wapi. Kila chakula kina ladha ya msumari.

Sasa habari ya Mama. Unakumbuka tulikubaliana aambiwe ni upungufu wa damu tu, maana ana miaka themanini na mbili na moyo wake si wa kuchezea. Tukajiona wajanja. Kumbe nesi alikuwa amenikataza kunywa kwa mrija mmoja na watu, kwa kuwa dawa zimeshusha kinga yangu. Kila asubuhi Mama anajaza majani na maji ya barafu kwenye pembe ya terere na kuizungusha kwenye duara letu, kila mtu anyonye kwa mrija uleule, na ikinifikia mimi naipisha. Nimezeeka kwenye duara lile, na bado nilisahau kwamba kwetu mtu hakatai pembe ya mama yake ila kwa ugomvi au ugonjwa.

Jumanne hakuizungusha. Aliishika mapajani akasema, "Siku hamsini unaukataa mkono wangu. Mwanzo nilidhani umeninunia. Ila mtu aliyenuna hanifulii nguo wala hanichani nywele. Ni ule ugonjwa wa dada yangu, siyo?"

Wilfrido akaanza kulikagua paa lake.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Na Nimia anajua?"

"Anajua."

"Basi mjinga wa nyumba hii ni mimi."

Hakulia pale. Alilia mchana akimenya mihogo, akasema ni vumbi. Siku ya pili akatoka na pembe nyingine, yangu peke yangu, na mrija wake huuchemsha mwenyewe kila asubuhi. Ananimiminia kwanza kabla ya wote. Nilidhani ukweli ungemuua, kumbe kilichokuwa kinamwumiza ni kudhani simtaki.

Ndiyo maana na wewe sikufichi. Uliniambia kwenye simu, "Dada, majibu yakiwa mabaya napanda ndege, karatasi zipotelee mbali." Karatasi hizo za ukaazi umezingoja miaka mitatu na unapewa Machi. Ukitoka kabla, hawatakuruhusu kurudi. Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilisema skani ni safi. Ya pili ilisema njoo. Zote mbili nimezichoma jikoni.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na uache kumtumia picha ukiwa umekonda. Wilfrido anakusalimu. Shangazi Petrona naye anauliza kama huko wanajua kupika mikate ya muhogo. Nimemjibu hawajui, akafurahi sana. Bikira wa Caacupé akufunike kwa joho lake, uingiapo na utokapo.

Neno langu ni hili. Usije, Nimia. Kaa mpaka Machi. Februari nitarudi kwenye skani nikiwa na Mama, na utakayoambiwa ndiyo nitakayokuwa nimeambiwa mimi. Lakini usije ukadhani nimekuambia ukae kwa sababu naweza bila wewe. Nataka uje. Nataka uje leo.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda na kukungoja,

Elodia