Simu ya Mezani ya Ma Justina

Bakoba, Bukoba
Jumanne jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na onga mshi, salamu yetu ya nyumbani, pia, maana najua shikamoo peke yake haitoshi kwako. Mgongo unasemaje? Kile kikohozi cha masika kimekuachia? Elia anakula vizuri, au mdogo wangu bado anachagua mboga kama mgeni wa heshima? Ndama wa Sikitu amesimama sawasawa? Na mapeasi ya nyuma ya jiko, yameanza kubadilika rangi? Mimi ni mzima, mama. Nina miguu yote miwili na mikono yote miwili, na sijalazwa hospitali yoyote ya mkoa huu. Nalisema mapema kwa sababu najua ndilo unalolitafuta kwenye karatasi hii.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa simu zangu hupokei. Elia ameniambia simu umeizima, umeiweka kabatini chini ya joho la kwaya, tangu yule mtu akupigie akijiita daktari, akasema Naomi ameanguka kutoka juu ya nguzo ya simu na tiba inasubiri pesa. Ukamtoa Sikitu zizini ukaanza safari ya mnadani, na kama Elia asingekukuta njiani, leo tusingekuwa na ng'ombe. Kisha mimi mwenyewe nikapiga kukuambia ni mzima, nawe ukaniambia, "Wewe mwizi, sauti ya mwanangu umeiiba wapi?" Ukakata. Nimetukanwa na wateja wengi katika kazi hii, lakini lile lilinikaa. Nilicheka mbele ya wenzangu, halafu nikaenda kulia nyuma ya gari la kazi.

Sasa soma mpaka mwisho, maana nina habari ya kujivunia, na ndani yake mna jambo letu.

Wiki mbili zilizopita fundi mkuu aliniita. Kuna mwalimu mstaafu upande wa Muleba, anaitwa Ma Justina, mjane, anaishi peke yake ndani ya kibanja chake, yaani shamba la migomba na nyumba katikati. Simu yake ya mezani ilikufa, nyaya za kutoka barabarani zimeoza, na siku hizi hatuzirudishii tena. Alitakiwa kuwekewa simu mpya ya mezani isiyohitaji waya wa nguzo, inayotumia laini kama ya mkononi. "Nenda peke yako," akaniambia. Mama, ni mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu. Wenzangu wawili wa kiume walitazamana. Niliwaona, nikachukua begi langu.

Kabla ya kwenda nilimpigia Ma Justina kwenye simu yake ndogo ya mkononi. Nikasema, "Shikamoo mama, mimi ni fundi wa simu, naomba unielekeze nyumbani." Akakata. Nikapiga tena, nikaeleza haraka zaidi. Akakata tena. Mara ya tatu hakupokea kabisa, na wale wawili wakaanza kunong'ona.

Nikapanda basi hata hivyo, kule nikachukua pikipiki, nikaulizia njiani mpaka nikafika. Nilimkuta anapogoa majani ya migomba, mama mrefu, mwembamba, kisu mkononi. Akanitazama kuanzia viatu mpaka begi la vifaa.

"Wewe ndiye uliyenipigia bila kunisalimia."

"Nilikuamkia, mama. Nilisema shikamoo."

"Shikamoo ni neno moja," akasema. "Ukalitupa kama ganda la ndizi, ukakimbilia nyumba yangu iko wapi. Hivyo ndivyo wanavyofanya wezi."

Unajua hasira zangu. Nimetoka Bakoba alfajiri, begi zito, vumbi mpaka kwenye nyusi, naitwa mwizi mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Nilitaka kugeuza. Lakini alikwisha kuweka kisu chini, ananivutia kiti barazani, na kijikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Huku mgeni hupewa buni zilizochemshwa zikakaushwa, mnatafuna huku mnasalimiana. Akaanza kwa Kihaya, "Osiibire ota, waitu?" Nikasema sijui Kihaya, natoka Usambaani. Akahamia Kiswahili na kuanza upya: nimeshindaje, safari ilikuwaje, mama yangu yu hai, ameshindaje, baba je, nikamwambia alikwisha kufariki, akanipa pole, kisha mvua ya kwetu, kisha tunalima nini. Nilipotaja mapeasi akataka kujua yanaiva mwezi gani. Buni tano zilikwisha kabla hatujaitaja simu. Na mimi nikajikuta nimetulia, mama, kama nimekaa jikoni kwako.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Simu ya zamani ilikuwa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na alitaka mpya ikae palepale, si dirishani wala chumbani. Palepale mtandao haufiki, kilima kimekinga. Mwingine angemwambia haiwezekani. Mimi nilipanda juu ya bati na antena, nikaigeuza kidogo kidogo mpaka ikakamata mnara, nikashusha waya ukutani kwa misumari yake, umenyooka huwezi kuuona. Ma Justina alisimama chini amenishikia ngazi, anashangaa, "Mae waitu, binti juu ya bati," na kila jirani aliyepita alimwita aje aone. Nilitamani kuimba.

Nilikuwa bado nakaza skrubu ya mwisho simu mpya ilipolia. Namba ile haijatoka hata kwa watoto wake, mtu keshaipata wapi sijui. Alipokea yeye, na sauti ya simu ile ni kubwa, nilisikia yote.

"Mama, sikiliza haraka, mwanao amepata ajali, yuko mahututi."

Bisibisi ilinidondoka. Ni yaleyale uliyoambiwa wewe, karibu neno kwa neno. Ma Justina alivuta kiti, akakaa.

"Osiibire ota, waitu?"

"Mama, hali ni mbaya, mwanao..."

"Nimekusikia, baba. Wewe umeshindaje? Na mama yako ameshindaje?"

"Mama, hakuna muda."

"Hata wa kuniambia mama yako hajambo? Yuko wapi? Mvua imemnyeshea? Amekula?"

Nakuapia nilimsikia yule mtu anapumua. Kisha akakata yeye mwenyewe, na Ma Justina akarudisha mkono wa simu mahali pake, taratibu. "Mwizi ana haraka," akaniambia. "Hawezi kungoja mpaka salamu zifike kwenye migomba."

Nikamwonyesha kitufe cha kuizuia namba ile, akaizuia, mwenyewe, kwa kidole chake. Kisha nikamsaidia kumpigia mwanawe aliye Dar es Salaam ampe namba mpya. Mama, walisalimiana mpaka nikamaliza kufagia vumbi la ukuta, nikafunga begi, nikanawa mikono. Mwanaume mzima mwenye ofisi yake anaulizia mgomba mmoja mmoja, na mbuzi, na jirani, na bati linavuja au limepona. Hakuna aliyemwambia mwenzake afupishe. Mwisho ndipo Ma Justina akasema, "Haya, sasa niambie shida yako."

Hapo ndipo nilipokukumbuka nikaona aibu, na sitaificha. Wewe ulikuwa hivyohivyo. Nilipoanza kazi huku, kila nikipiga uliniuliza nimelalaje, wenye nyumba wangu wamelalaje, ziwa linanuka nini, halafu ukanisimulia mapeasi na kuku. Na mimi nikawa nakukatisha. "Mama, vocha inaisha. Mama, sema shida." Nilikufundisha mimi kwamba mtu anayekupenda hupiga kwa haraka na kuanza na shida. Yule mwizi alipokupigia kwa haraka akianza na shida, ungemshukuje? Alizungumza kama mwanao. Elia anasema unajiita mjinga mbele ya watu. Tafadhali acha. Uliyekuwa tayari kumuuza Sikitu kwa ajili yangu si mjinga, nami najivunia kuwa mwanao kuliko ninavyojivunia antena yoyote.

Niliporudi ofisini Ma Justina alikuwa ameshapiga simu, ya mezani, kwa fundi mkuu. Nasikia alimsalimia muda mrefu mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema aliyeletwa ni fundi hasa. Tangu jana upande wote wa Muleba ni wangu, na ngazi mpya nimepewa. Wale wawili wameninunulia soda, ingawa mmoja alisema ni bahati. Nikamwambia apande yeye bati.

Jumapili hii, ukishatoka ibadani, itoe simu kabatini uiwashe. Nitapiga. Nimeweka dakika za kutosha, na sina pa kwenda. Unisalimie yote, usiruke kitu, hata yule kuku mwenye mguu mbovu, nami nitakuuliza yote. Sitakukatisha.

Nisalimie Elia, mwambie asante kwa mbio zake za siku ile na ale mboga. Msalimie shangazi anayekuchotea maji, mama mchungaji aliyenifundisha kusoma noti za kwaya, na Sikitu mkwaruzie shingo kwa niaba yangu. Ma Justina naye anakusalimu. Aliniambia nisisahau, na ameulizia mgongo wako.

Mwanao wa juu ya bati,
Naomi

Mama, moja tu. Jumapili, hata ukisikia sauti ni yangu kabisa, nikianza na shida kabla ya salamu, kata.