Mtume Asiye na Pua

Jumatano, alfajiri

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kukarabati sanamu ni kuifanya mpya. Jana kikanisani nilimkuta fundi Masanja wa mtaa wa Ng'ambo, msasa mkononi, akimtazama mtume wetu wa mti.

"Shikamoo, mwalimu. Kesho naanza. Jubilei hii atang'aa! Na pua nitamchongea, wageni wasije wakamcheka."

"Marahaba. Utampa pua ya nani?"

"Yangu ina ubaya gani, mwalimu?"

Tulicheka. Kisha nikamwonyesha alama za patasi shavuni, na wekundu uliobaki kwenye mikunjo ya joho. Nikamweleza kuwa katika makanisa ya kale ya Ulaya mitume walibandikwa vichwa vipya, na sasa wataalamu wanahangaika kutafuta kazi ya mchongaji wa kwanza.

Alinisikiliza kwa adabu. "Lakini kamati ya jubilei ndiyo iliyonituma, mzee wangu."

Kweli. Na mchongaji wetu, Mnyamwezi wa hapa hapa, hakuacha hata jina. Ameacha zile alama tu. Msasa ukipita mara moja…

Usingizi umenikataa kabisa.

Nimejiambia: leo, kabla ya misa, nenda kwa paroko ukamwombe asimpe Masanja ufunguo wa kanisa.