Nzi Aliyenyooshwa Mabawa

Shikamoo Bibi,

Sijawahi kumwambia mtu: darasani majibu ninayo, ila naiogopa sauti yangu.

Hapa Bahi, Mjomba, bwana mifugo, alimtuma mpiga picha wa mjini ampige picha nzi mfu aliyetoka kwa ng'ombe wa Mzee Ndahani. Jana akaileta picha, Mzee Ndahani naye akiwapo.

"Mabawa yamelaliana. Ndorobo huyu, anaambukiza ng'ombe malale," akasema Mjomba. "Ng'ombe hawaendi mnadani."

Mzee Ndahani, aliyewanenepesha mwaka mzima kwa mnada huo, akainamisha kichwa. Nikajikaza.

"Mjomba, ndorobo ana mrija mbele ya kichwa. Huyu hana, tena ni bapa kama kunguni. Ni nzi wa kung'ang'ania manyoya tu, haenezi malale."

Mpiga picha akakohoa. "Mabawa nilimnyoosha mimi, nikayalaza moja juu ya jingine. Mteja wangu hakai ovyo kwenye picha."

Mjomba alicheka mpaka akafuta machozi, akafungua kitabu chake, akaandika kibali cha mnada.

Naombea magoti yako yapone, Bibi. Laiti ningeweza kukutumia jua la huku na bakuli la mlenda.

Baadaye nilimfuata Mzee Ndahani zizini, tukawaswaga ng'ombe hadi mnadani, nami nikipiga kelele njia nzima.

Mjukuu wako,
Zuhura